Jamaa wa Bara na Mchanga wa Pwani

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeitiisha bahari kwa manufaa ya waja wake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: darsa yetu ya mara hii haitoki katika mlango wa kitabu tuliokuwa tukiusoma, bali yatokana na barua.

Ndugu yetu mmoja Muislamu, mkazi wa Kedowa, huko nyanda za juu za Kericho karibu na Londiani, ametuandikia kwamba amekusudia katika likizo ya Desemba kuwateremsha Mombasa mkewe, mama yake mzazi na watoto wake wanne, wapate kuiona bahari. Watoto hao wamezaliwa na kukulia katika nchi ya majani ya chai, na maji makubwa waliyoyajua ni ya mto. Mahali walipopasikia zaidi ni ule ufuo wa Bamburi ambao kwa jina la serikali ni Ufuo wa Umma wa Jomo Kenyatta, na watu wa mji wauita Pirates. Asema kwamba jirani yake amemwambia safari hiyo ni haramu, kwa kuwa likizo ni desturi ya Wazungu. Na mtu mwingine, aliyewahi kukaa kwetu, amemwambia asikubali mtoto aingie majini kabla ya kuitupia bahari sarafu, kwani ina wenyewe. Tena auliza juu ya sala za njiani, na juu ya wanawake wake na kuoga baharini.

Tungeweza kumjibu kwa barua kama tulivyoandikiwa. Lakini tulipoyasoma maswali yake tuliona kuwa nusu ya majibu hayamhusu yeye, yatuhusu sisi tuishio kando ya bahari. Kwa hiyo tumeyaleta hapa mbele ya wasomaji wetu wote.

Twaanza na asli ya jambo. Kumtoa mke na watoto kwenda kuburudika mahali pa halali, kwa mali ya halali, si haramu, wala asiyekuwa na dalili hana ruhusa ya kukiharimisha alichokiwacha Mwenyezi Mungu. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha walipokuwa safarini, naye bibi akamshinda, kisha baada ya muda walishindana tena, naye Mtume akashinda, akamtania kuwa hiyo ni kwa ile ya kwanza. Na katika Sahihi Bukhari yamo masimulizi ya Mahabeshi waliokuwa wakicheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Mtume akamsitiri Bibi Aisha kwa mwili wake apate kuwatazama mpaka achoke mwenyewe. Aliyekuwa na shughuli ya umma mzima juu ya mabega yake alipata nafasi ya kucheza na ahali zake. Sisi wenye duka moja au kiti kimoja cha afisi twadai hatuna wakati!

Ama hoja ya kuwa hiyo ni desturi ya Wazungu, jibu lake ni kwamba kilichokatazwa ni kuwaiga katika dini yao na katika machafu yao. Kupumzika na kutazama maumbile ya Mwenyezi Mungu si mali ya taifa lolote. Katika Suratun Nahl, aya ya 14, Mwenyezi Mungu anatuhesabia neema za bahari: nyama laini itokayo humo, mapambo yavaliwayo, na majahazi yapasuayo maji, kisha akataja shukrani. Mtu hashukuru vizuri kitu asichokiona. Mtoto wa Kedowa akisimama mara ya kwanza mbele ya maji yasiyo ng'ambo, na babake akamfahamisha ni nani aliyeyaumba, hilo ni somo la tauhidi lisilopatikana chuoni.

Sharti moja twaliweka, nalo ni la mali. Asikope kwa riba ili awafurahishe watoto, wala asiiuze mbuzi ya mama yake. Safari ya pwani si faradhi, na Januari ina ada za skuli.

Sasa sala. Hapa ndipo pana elimu zaidi, na tutakwenda polepole, kwani hata watu wa mji wetu wengi huyachanganya.

Kutoka Kedowa hadi Mombasa kwa njia ya Nairobi ni zaidi ya kilomita 700. Mwendo unaoruhusu kupunguza sala katika madhehebu yetu ya Shafi ni marhala mbili, yaani kiasi cha kilomita 80 na kitu. Kwa hiyo umbali hauna shaka. Ruhusa hiyo, kwa madhehebu yetu, hapewi mwenye kusafiri kwa ajili ya maasi. Na wanazuoni wetu wamesema kuwa kusafiri kwa ajili ya kuburudika ni kusudio sahihi. Basi akishayaacha majumba ya mji wake nyuma, ataisali adhuhuri rakaa mbili, alasiri mbili na isha mbili. Magharibi na alfajiri hazipunguzwi. Aweza pia kuikusanya adhuhuri na alasiri, na magharibi na isha, ama kwa kuitanguliza ya pili ama kwa kuichelewesha ya kwanza. Na akiichelewesha lazima anuie hivyo kabla wakati wa ile ya kwanza haujatoka. Asiyenuia akaiacha ipite, huyo hakukusanya, huyo amepoteza sala.

Panapokosewa ni pale mtu anapofika. Wengi hudhani kwamba muda wote wa likizo ni safari, wakasali rakaa mbili mbili wiki nzima huku wamekodi nyumba na kuanika nguo zao uani. Sivyo. Mwenye kukusudia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, safari yake imekatika mara tu afikapo, na toka sala ya kwanza atasali kamili bila ya kukusanya. Ndugu yetu aandika kuwa atakaa siku kumi. Basi Bamburi yeye ni mkaazi. Lau angekaa siku tatu tu, angepunguza. Na hata huyo mwenye kupunguza, akisali nyuma ya imamu wa mji lazima amfuate kwa rakaa zote.

Kuna jambo dogo la treni. Tangu mwaka 2017 wengi wa wageni wetu huteremka kwa reli mpya ya kutoka Nairobi, na aliyeipanda mchana, magharibi humkuta njiani. Huyo na aisali adhuhuri na alasiri kabla ya kupanda, kisha anuie kuichelewesha magharibi. Akishuka Miritini hali ya kuwa amekusudia kukaa siku nyingi, atasali magharibi tatu na isha nne kamili. Na kwa kuwa safari yake imekwisha kabla hajaisali, ile magharibi itakuwa ni ya kulipa, lakini hana dhambi, kwani aliichelewesha kwa ruhusa. Ama asafiriye kwa basi, na amwombe dereva kwa adabu asimame Mtito Andei au Voi. Sala ya faradhi ina kusimama, na kurukuu, na kuelekea kibla; kiti cha basi hakina hayo. Ikiwa dereva amekataa na wakati wataka kutoka, atasali kama awezavyo kwa heshima ya wakati, kisha atairudia akifika.

Na Ijumaa? Msafiri hailazimiki, lakini huyu wetu wa siku kumi imemlazimu akiwa hapa. Asiseme "mimi ni mgeni" naye amelala chini ya mwavuli wakati adhana yasikika. Tena, aliyelazimika na Ijumaa haimjuzii kuanza safari siku hiyo baada ya alfajiri, ila awe na hakika ya kuipata njiani, au atapata madhara kwa kuachwa na wenziwe. Basi tikiti ya kurudi na ikatwe siku nyingine. Jambo hili halina gharama yoyote.

Akiwa ufuoni hana udhuru wa maji. Mtume (s.a.w.) aliulizwa na mabaharia juu ya kutawadha kwa maji ya bahari walipohofia kiu, akajibu kuwa maji yake ni yenye kutohirisha na maiti wake ni halali. Wako watu wanaouona mchanga mwingi mbele yao wakatayamamu, na bahari iko hatua ishirini! Tayamamu haisihi na maji yapo. Na hata yangekosekana, mchanga mtupu usio na vumbi hautoshi katika madhehebu yetu. Mchanga ulioganda miguuni si najisi. Aukung'ute ili maji yafike kwenye ngozi. Ardhi yote umma huu umefanyiwa msikiti, kwa hiyo na aitandike leso yake palipo safi, mbali na njia ya watu, akandamize paji la uso mpaka mchanga utulie, asali. Tumewaona vijana wakiona haya kusali mbele ya watu, wala hawakuona haya kwa waliyoyavaa.

Hilo latuleta kwenye mavazi, na hapa tunataka kuanza na wanaume, kwani kila mwenye kuandika juu ya pwani huanza na wanawake na kuishia hapo hapo. Uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Suruali fupi zinazoishia nusu ya paja, ambazo vijana wetu wa mjini hupigia mpira na kuogelea, hazisitiri, na baba avaaye hivyo mbele ya binti zake hana ulimi wa kumwambia binti ajistiri. Na macho nayo yana hukumu: katika Suratun Nur amri ya kuinamisha macho iliwaelekea waumini wanaume kwanza, katika aya ya 30, kabla ya kuwaelekea wanawake katika aya ya 31.

Ama mama wa nyumba na bibi mzee, nao wana haki ya bahari kama wenziwao. Hatukubaliani na wale wanaosema wabaki chumbani wakipika huku wanaume wakioga. Lakini nguo ikirowa hushika mwili, na hata iwe ndefu namna gani huonyesha umbo lake. Kwa hiyo dawa yake si urefu peke yake, bali ni uzito wa kitambaa, na upana wake, na rangi isiyoonyesha, na juu ya yote wakati na mahali. Baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijapanda, ufuo huwa mtupu kwa mwendo mrefu. Wanawake wa mji wetu zamani walizijua saa hizo na vijipwa vyao, na mwanamume aliyekuwa na heshima hakupita upande huo. Mgeni na achague saa hiyo, awe yeye mlinzi kwa mbali, na kanga kavu ziwe tayari. Ikiwa haiwezekani ila katikati ya msongamano wa sikukuu, basi na wakae, watie miguu tu, na bahari haikimbii.

Tumelifikia swali la sarafu. Tungependa kusema kwamba mambo hayo yamekwisha, hayakwisha. Bado wako kwetu wanaopeleka ubani na tambuu kwenye mapango ya ufuoni. Bado wako wanaosema kuwa bahari kila mwaka yataka mtu wake. Na bado yako mabaki ya kuoga baharini alfajiri ya Siku ya Mwaka kwa itikadi ya kutoa nuhusi ya mwaka uliopita. Maji ya bahari huondoa jasho na uchafu. Hayaondoi nuhusi, kwa kuwa nuhusi haipo. Na hayana mwenyewe ila Aliyeyaumba. Mwenyezi Mungu atusimulia katika Suratul Ankabut, aya ya 65, kwamba hata washirikina wa Makka walipokuwa chomboni humwomba Yeye peke Yake kwa ikhlasi, ndipo wanapookoka wakafika bara hurudia ushirikina wao. Basi tutazame: wao shirki yao ilikuwa ya nchi kavu, na bahari iliwarudisha kwenye haki, nasi tunaojiita Waislamu, ni baharini ndipo tumtajapo asiyekuwa Yeye. Ndugu yetu, usitupe hata senti moja. Ukiwa nayo ya ziada mpe maskini aliye mlango wa msikiti, na mtoto wako msomee bismillahi.

Lakini akishaitoa hofu ya uongo moyoni, isiingie ghafla mahali pake. Bahari haina pepo wa kumchukua mtoto, ina maji, nayo yatosha. Mwenyezi Mungu amekataza katika Suratul Bakara, aya ya 195, tusijitie wenyewe katika maangamizo. Ni kweli imethubutu kuwa aliyekufa maji huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Hiyo ni rehema kwa aliyefikwa, si ruhusa kwa baba kuzembea. Kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Kwa hiyo tunamfahamisha mambo ambayo mtoto wa Kibokoni huyajua bila kufundishwa. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku saa zake husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Mwenye kuijua tarehe ya mwezi wa Kiislamu aijua na bahari. Mwezi unapoandama na unapotimia, na siku moja au mbili zinazofuatia, ndiyo bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na hapa Mombasa tofauti yake huzidi mita 3. Katika siku hizo hupwa kabisa kiasi cha saa nne au saa tano za asubuhi, na hujaa kiasi cha saa kumi au saa kumi na moja za jioni. Yaani wakati wa kusali alasiri, maji yako juu. Mwezi ukiwa nusu, mwanzo wake au mwisho wake, ni maji mafu: hujaa asubuhi na kupwa jioni, lakini hayendi mbali wala hayavuti sana. Jamaa wenye watoto wadogo wasiojua kuogelea na wachague maji mafu, au bamvua wakati maji yanaingia, si wakati yanatoka. Maji yatokayo ndiyo mabaya. Ile mipira ya matairi inayokodishwa ufuoni humpa mtoto wa bara ushujaa asiokuwa nao: ameketi juu yake akicheka, na maji yamchukua kidogo kidogo kuelekea mlango wa mwamba, na babake yuko nchani akinunua mabuyu.

Tena yuko yule anayeona kumepwa, mchanga umekauka mpaka karibu na mwamba, akawaongoza jamaa zake kwenda kutazama samaki wadogo kwenye vidimbwi. Hapana ubaya, na ni tamasha nzuri. Ila ajue kuwa maji yarudipo hayamjii usoni. Hupitia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yake, baina yake na ufuo. Akiona tu maji yameanza kugeuka, na arudi, wala asingoje mpaka yamguse. Avae viatu, kwani kwenye mawe kuna wanyama wa miiba. Na asimwache mtoto kwa mtoto mwenziwe.

Yasemwa kuwa Sayyidna Umar aliwahimiza watu wawafundishe watoto wao kuogelea. Imepokewa pia hadithi ihesabuyo kujifunza kuogelea katika mambo machache ambayo mtu akiyafanya si mchezo wa bure. Twaona aibu kusema kwamba katika mji huu wetu uliozungukwa na maji wako watoto wengi, na wasichana zaidi, wasiojua kuelea hata kidogo. Madrasa zetu zingeweza kupanga siku za wavulana kwa walimu wao, na siku za wasichana kwa walimu wanawake, mahali penye sitara. Hili si la watu wa Kedowa; ni letu.

Na kwa kuwa tumekwisha kuingia katika yaliyo yetu, tuendelee.

Wanapokuja wageni hawa, tunawapokeaje? Chai yao hutufikia kila wiki kuuzwa mnadani. Mnada huo ulihamishwa kutoka Nairobi kuja Mombasa mwaka 1969, na mabohari na makuli na malori mengi ya mji huu yaishi kwa jani lile. Jani lao twalipokea kwa heshima. Mwenyewe akija, twamwita kwa majina ya dharau kwa kuwa lafidhi yake si kama yetu na hajui kula dafu. Na mkono mmoja tukimdharau, mkono wa pili wamo mfukoni mwake. Madalali humngojea steshini ya mabasi na Miritini, wakamdaka kabla hajauliza bei kwa mtu mwingine, chumba cha bei ya kawaida wakampa kwa bei maradufu, na tuktuk ikamzungusha mjini mzima kumfikisha palipo karibu.

Hukumu ya jambo hili ipo, na tunashangaa kuwa haihutubiwi mimbarini. Mtume (s.a.w.) alikataza kuilaki misafara nje ya mji, yaani wafanyabiashara kutoka kwenda kukutana na wenye bidhaa njiani, wakanunua kwao kabla hawajafika sokoni na kuijua bei. Hadithi imo katika Bukhari na Muslim. Na aliyepunjwa namna hiyo, kwa madhehebu yetu, akishafika sokoni akaijua bei ana hiari ya kulivunja soko. Illa ya katazo ni ujinga wa mgeni na ujanja wa mwenyeji kuutumia. Na illa hiyo imo kwa dalali wa leo amuuziaye mgeni, kama ilivyokuwemo kwa yule wa zamani aliyemnunulia. Kupandisha kodi Desemba kwa sababu wateja ni wengi ni biashara, hatuiharimishi. Kumdanganya asiyejua ndiko tunakokutaja. Pesa ile huingia nyumbani, ikapikiwa futari ya Shaabani, na mwenyewe hujiuliza kwa nini haina baraka.

Kuna uchafu pia. Mtume (s.a.w.) ametahadharisha juu ya kwenda haja katika njia za watu, na katika vivuli vyao, na mahali pa kuchotea maji, akayaita mambo yenye kuleta laana. Ufuo ni njia, ni kivuli na ni maji kwa pamoja. Na kuondoa chenye kuudhi njiani ni tawi la imani. Basi chupa iliyovunjika mchangani, akiiona Muislamu akaipita, na ajue nini amekipita. Wageni huacha taka, ndiyo. Nasi huziacha mwaka mzima.

Tumebakiza jambo zito kuliko yote. Tumemwambia ndugu yetu aje Bamburi. Je, akija mjukuu wake, atapata pa kupita? Njia ndogo za kuendea pwani ambazo wavuvi na wanawake wetu walizipita, nyingi zimezibwa: hapa ukuta, hapa geti lenye askari, hapa seng'enge. Ufuo wenyewe upo, bali hufikiki ila kwa mwenye kulala hotelini. Katiba ya nchi ya mwaka 2010, katika ibara ya 62, imeihesabu ardhi yote iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma. Na sharia yetu imetangulia. Abyadh bin Hammal alimwomba Mtume (s.a.w.) ampe chumvi ya Maarib, naye akampa, alipokwisha kuondoka, mtu mmoja akamfahamisha Mtume kwamba alichompa ni kama maji yasiyokatika, kila ayaendeaye huyapata bila ya taabu, Mtume akairudisha. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Ndipo wanazuoni wakasema kuwa manufaa yaliyo wazi kwa watu wote, ambayo hakuna aliyeyatolea jasho, hata kiongozi hana ruhusa ya kummilikisha mtu mmoja. Na wakaizuia kingo za mito isijengwe, na kilichojengwa hapo wakaamuru kivunjwe. Kama chumvi ya jangwani ilirudishwa baada ya kutolewa na Mtume mwenyewe, mchanga wa bahari utawezaje kuwa wa mtu kwa karatasi ya afisi?

Tunayoyataka ni haya: kila mtaa ulio karibu na pwani, wazee wake waandike njia zote wanazozikumbuka, jina la njia, ilikoanzia na ilikotokea, na nani anakumbuka kuipita, kabla wenye kukumbuka hawajafariki. Watie sahihi, na nakala ibaki msikitini. Kisha waende kwa wahusika kwa utulivu na karatasi hiyo mkononi. Wako miongoni mwetu waliouza viwanja vyao pamoja na njia isiyokuwa yao. Hao nao wajue kwamba aliyechukua shibri moja ya ardhi kwa dhulma, imethubutu katika hadithi sahihi kuwa atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama.

Mwisho wa barua, mtoto mkubwa wa ndugu yetu ameongeza swali kwa mkono wake: ni vipi vya baharini vinavyoliwa? Samaki wote, mwanangu, na kamba, na ngisi, na pweza, ni halali, na havina kuchinjwa. Kaa wanazuoni wamekhitalifiana. Wengi wa wanazuoni wa madhehebu yetu wamemharimisha, kwa kuwa huishi majini na nchi kavu, na wa madhehebu mengine wamemhalalisha. Ukiletewa sahanini, mwachie mwenye kumla, nawe uombe pweza wa nazi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.